Kura za Matanga

Kile kipindi nilikipenda, na sitaki mtu anifundishe kukionea aibu. Watu waliosoma walikuwa wakija saluni kwangu, pale mtaa wa Atlabara, Juba, wanaketi chini ya draya, wanatazama vijana wa Afrika Mashariki waliofungiwa kwenye nyumba moja Nairobi wakishindana kuimba, halafu wanasonya. Ati ni upuuzi. Ati kuwaweka watoto wa watu mbele ya kamera kucha kutwa, wakila, wakigombana, wakilia, ni kuwavua nguo hadharani. Lakini nikizima jenereta kidogo tu niongeze mafuta, hao hao ndio wa kwanza kuuliza mbona picha imepotea. Nilikuwa nawatazama kwenye kioo na kujichekea.

Nilikuwa nimekuja Juba kutoka Kenya baada ya mkataba wa amani, na draya zangu na dishi la televisheni, kama wengi waliosikia kwamba huko kuna kazi. Jirani yangu wa uzio wa mianzi alikuwa mama mmoja aliyeishi uhamishoni Uganda mpaka akazeekea huko, akarudi na mumewe na Kiswahili chake cha huko. Aliniita binti yangu, nami nikamwita mama. Mumewe alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, mrefu, mpole, mzito wa maneno. Saluni ni mahali pa wanawake, kwa hiyo hakuingia hata siku moja. Lakini Jumapili jioni alikuwa akija kusimama mlangoni, kofia mkononi, anatazama televisheni yangu kwa mbali. Nikimpa kiti anasema yuko sawa tu.

Alikuwa anamtazama binti yake. Kitinda mimba wao, msichana niliyemsuka mimi mwenyewe tangu alipokuwa anaimba kwaya kanisani, alikuwa amepita mchujo na kwenda Nairobi. Mtangazaji aliposema anatoka Sudan Kusini, saluni nzima ilipiga vigelegele, na nchi yenyewe ilikuwa bado haijawa nchi. Baba yake alikohoa pale mlangoni, akavaa kofia, akaenda zake. Nilijua ametoka ili tusimwone uso.

Nisiseme uongo, yule mtoto hakuwa bora wao. Sauti alikuwa nayo, tena nzuri, ila alikuwa mwoga, na majaji walimsema vibaya. Mmoja alimwambia anaimba kama mtu anayeomba ruhusa. Kila wiki watazamaji walipiga kura kwa simu, na wenye kura chache walisimamishwa mbele wangoje kutolewa, na wiki za mwanzo alikuwa hakosi kusimama hapo. Alikuwa akiponea chupuchupu. Sisi tulijua wiki moja au mbili atarudi nyumbani, na mama yake alikuwa ameshaanza kusema atampikia nini.

Halafu yule mzee akaugua. Homa ilimpiga Jumamosi, wakampeleka hospitali, na kabla wiki haijakatika alikuwa ameshafariki. Wakamzika uani kwao, karibu na ule uzio wetu, kama ilivyo desturi yao. Mimi nilikuwa nimesimama upande wangu na vitana mkononi, sijui niviweke wapi. Nililia kama niliyefiwa na baba yangu.

Watoto wote walitia udongo isipokuwa mmoja. Kwao kaburi halisakafiwi mpaka kila mtoto ametia udongo wake, kwa hiyo liliachwa tuta la udongo mtupu, na mvua zilikuwa zimeshaanza.

Hapo ndipo swali la binti lilipokuja. Mdogo wa marehemu, ofisa mmoja wa serikali, mtu wa suti na simu tatu, aliwapigia wenye kipindi. Walimjibu vizuri, kwa heshima zao. Walisema kule ndani hakuna simu wala gazeti, kwa hiyo msichana hajui kitu. Familia ikitaka aambiwe, wao watamwambia, na mshauri atakuwepo wa kumshika mkono. Lakini kamera zitakuwepo pia, maana mle ndani kamera hazizimwi, ndivyo mkataba unavyosema. Na familia ikitaka atoke, pia itabidi aambiwe sababu mle mle, kisha watazamaji waambiwe.

Yule mzee wa suti alipolieleza hilo, wanawake wote tuliokuwa tumekaa kwenye mkeka tulimtazama mama. Alikuwa ameshanyolewa kichwa, kama wajane wa kwao wanavyonyolewa. Alizungumza bila kuinua sauti.

"Mtoto yangu hapana ambiwa na televisheni," alisema. "Mtoto anaambiwa nyumbani. Anakaa hapa chini, shangazi yake iko huku, shangazi ingine iko huku, mimi iko mbele. Akianguka, anaanguka kwa mimi."

Nilimwelewa. Hata kwetu mtu hapewi habari ya msiba akiwa peke yake ugenini, hutafutiwa njia arudi kwanza. Njia iliyokuwepo ilikuwa moja tu. Msichana apate kura chache, atolewe kama wenzake walivyotolewa, apande ndege akijua ameshindwa kuimba na si zaidi ya hapo. Kwa jinsi alivyokuwa akipata kura, tulifikiri ni Jumapili hiyo hiyo. Mama aliwaambia shangazi wasiondoke.

Kumbe tulikuwa hatuwajui watu wa Juba.

Habari zilienea mji mzima kwamba baba wa yule msichana wa televisheni amekufa na mtoto hajui. Watu wakaanza kumiminika matangani. Matanga nimeyaona mengi, na nilizoea watu kuja na sukari, majani ya chai, magunia ya makaa. Hawa waliviacha vitu vyao mlangoni kwanza, kisha wakapiga magoti mbele ya mama na kumwonyesha simu. "Malesh, mama," walisema, kwa kile Kiarabu cha Juba, pole. "Tumempigia kura binti yako. Tutampigia kila siku." Ilikuwa ndiyo rambirambi yao. Kulikuwa na laini za simu zilizopitia Khartoum na zingine zilizopitia Uganda, na kura zilikubali kwa hizi za Uganda tu, basi watu waliazimana simu pale pale kwenye mikeka, mmoja anamwelekeza mwenzake jinsi ya kuandika. Mzee wa suti alisimama baada ya sala akawashukuru, akawaomba wasichoke. Alisema marehemu hana zawadi nyingine anayoitaka. Alisema kura ya maoni ya kujitenga inakuja, basi na tujizoeze.

Mama alikuwa akiitikia kwa kichwa tu. Jumapili ilipofika, msichana hakusimamishwa mbele hata kidogo. Alipita moja kwa moja, mdomo wazi, haamini, akakumbatiana na wenzake na kurukaruka. Saluni kwangu hakupiga kelele mtu.

Wiki ya pili ikawa hivyo hivyo, na ya tatu. Akaanza kujiamini. Aliimba akiwa ameinua kidevu, anacheza, anamkonyezea jaji. Yule jaji wa maneno makali alisema sasa ndiyo anamwona. Mimi nilikuwa nikimtazama hivyo alivyochanua, na nikitupa jicho dirishani naona tuta limefunikwa turubai, mama yake ameinama kwenye matope anapanga mawe pembeni maji yasilikate. Kipindi nilichokipenda kilianza kunishinda kutazama. Wateja walipoanza tena ubishi wao, kama ni burudani au ni udhalilishaji, niliwaambia wanyamaze au wakasukwe kwingine. Mmoja alinuna akaenda kweli, na sikumfuata.

Siku moja asubuhi mama alikuja kwangu amevaa viatu vya kutokea.

"Binti yangu, twende Sherikat," alisema.

Sherikat ni ng'ambo ya daraja, kwa wafanyabiashara na watu wa magari, na ndiko walikokuwa madereva waliofanya kazi na mumewe. Nilifunga saluni nikaenda naye. Alikuwa amejifunga kitambaa cheusi kichwani na alitembea mbele yangu kama mtu anayekwenda kudai haki yake. Tuliwakuta madereva chini ya malori yao, wengine Waganda, wengine Wakenya wenzangu, na walipomwona waliinuka wote. Walimpa kiti, soda, pole. Kisha, kabla hajasema neno, wakaanza kumwambia jinsi wanavyopiga kura.

"Mimi iko na ombi," alisema. "Naomba msipige."

Walitazamana. Mmoja alinitazama mimi, akidhani nitaeleza ni nini kimempata. Nikaeleza. Nilieleza habari ya kamera, ya mkeka, ya shangazi waliokuwa wanangoja, na tuta linalokatwa na mvua. Walisikiliza vizuri. Kisha dereva mmoja, mtu mzima, mikono yake imejaa grisi, alichuchumaa mbele ya mama.

"Mama, mimi marehemu ndiye alinifundisha gari," alisema. "Aliniacha nikalala kwenye lori lake wakati sina kwa kulala. Nitawezaje kumnyima mtoto wake kura? Ashindwe mbele ya watu, na baba yake kaburini, na mimi nimekaa na simu mfukoni? Nisamehe. Hilo siwezi."

Wengine waliitikia, na wawili walikuwa wanafuta macho. Ungewagombeza vipi watu kama hao? Mama alimshika yule dereva bega, akamwambia asante. Wakati wa kurudi, pale darajani, alisimama akashika chuma cha pembeni, akaniuliza kama nadhani Mungu pia anapiga kura. Sikujua kama anatania.

Mzee wa suti niliyapata maneno yake jioni hiyo, maana habari ilimfikia kabla hatujafika. Alikuja moto moto. Aliniambia mimi mgeni nisiingilie ukoo wa watu.

"Kusini nzima inamtazama yule mtoto," alisema. "Miaka yote hii dunia ikituona kwenye televisheni, inatuona tunakufa kwa njaa na risasi. Leo wanamwona mtoto wetu amevaa vizuri anaimba, na wewe unataka arudi kulia? Kaka yangu mwenyewe ndiye aliyempeleka uwanja wa ndege."

Nilimwambia kama anataka Kusini ionekane vizuri aende akaimbe yeye. Nilimwambia mjane wa kaka yake ananyeshewa usiku na mchana akilinda udongo, yeye anahesabu nani amepiga na nani hajapiga. Alinikata jicho akaondoka. Lakini nilipolala nilijikuta nikiyarudia maneno yake, hasa lile la dunia inatuonaje, na sikuweza kujiambia kwamba ni ya mpumbavu. Liliniudhi sana hilo.

Kisha wakaja na kamera zao. Kila mshiriki aliyebaki alikuwa atumiwe salamu za nyumbani, kwa hiyo vijana wawili wa kipindi walipanda ndege kuja Juba. Walikuwa watoto wazuri, wenye adabu, walivua viatu walipoingia uani, wakatoa pole. Walisema kama mama hataki, wataelewa, wataonyesha picha za zamani. Lakini wenzake wote wataona wazazi wao, na yeye hataona. Ataanza kujiuliza.

Mama alifikiri. Kisha aliniomba nimtengeneze nywele.

Sikuelewa kwanza. Akaondoa kitambaa, nikaona upara, vinyweleo vyeupe vimeanza kuchomoza. "Akiona hii, anajua," alisema. "Wewe iko na nywele za duka. Nivalishe."

Nimevalisha maharusi wigi, na wagonjwa, na wanawake waliotaka tu kubadilika. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama ya siku ile. Mjane kujipamba kabla matanga hayajaanuliwa ni jambo zito kwao. Shangazi wawili walisimama mlangoni wakatugeuzia mgongo, isionekane kwamba wameona. Nilimchagulia wigi fupi la heshima, nikalibana, nikampaka mafuta usoni, nikamvika kitenge changu cha maua maana yeye alikuwa na nguo nyeusi tu. Nyumbani kwake hapangepigika picha, tuta lilikuwa linaonekana kila upande. Basi wakampiga picha saluni kwangu, kwenye kiti changu cha kuzunguka. Kijana wa kamera alimwambia atabasamu kidogo, na akatabasamu. Akasema kila mtu iko salama, tunakusikia, imba vizuri. Kijana akauliza, kwa upole, kama anaweza kusema "baba anakusalimia." Mama alimtazama mpaka yule kijana akainamisha kichwa. Maneno hayo hakuyasema.

Tulizitazama salamu hizo pamoja, Jumapili, mama ameketi katikati yetu na kitambaa chake cheusi. Kwenye televisheni msichana aliona uso wa mama yake akapiga ukelele wa furaha.

"Mama amekwenda saluni!" alimwambia mwenzake, anacheka, anamshika mkono. "Hajawahi kwenda saluni maisha yake. Tazama alivyopendeza."

Watu ukumbini kule Nairobi walicheka naye, walimpenda. Mama naye alicheka kidogo, kwa pua. Kisha alinyanyuka akapita katikati yetu akarudi kwake. Nilizima televisheni kabla kipindi hakijaisha, na hakuna mteja aliyelalamika.

Alifika fainali, akawa wa tatu. Mzee wa suti alikuwa ameandaa magari na vipaza sauti, msafara utoke uwanja wa ndege upite mji mzima hadi mtaa wa Juba Na Bari na kurudi. Mama alikataa jambo moja tu, na safari hii hakuna aliyethubutu kumpinga. Shangazi wawili walikwenda wao hadi mlango wa ndege, wakamshika binti mkono, wakamwingiza kwenye gari la vioo vyeusi, wakamleta nyumbani moja kwa moja. Umati ulibaki unaimba kwenye lango la uwanja. Nilikuwepo uani alipoingia, maana mama alinitaka niwepo.

Alikuwa amekonda, amependeza, kasukwa mtindo nisioujua. Alianza kucheka alipotuona, kisha akaona mikeka. Wakamkalisha. Shangazi mmoja huku, mwingine huku, mama mbele. Wakamwambia kama desturi yao inavyotaka, kwa sentensi chache, bila kuzunguka.

Hakuanguka. Alinyoosha mgongo, akafuta chini ya jicho kwa ncha ya kidole, taratibu, wanavyofanya ili wanja usichafuke, na macho yake yakaanza kuzunguka uani yakitafuta kitu. Nilijua anatafuta kamera, kwa sababu nilikuwa nimemwona akilia hivyo kwenye televisheni Jumapili nyingi. Mama yake pia aliona, na mikono yake iliyokuwa imenyooshwa ikabaki hewani.

Walimpeleka kwenye tuta, akatia udongo, akanawa mikono, akarudi kuketi. Bado hakulia.

"Lini?" aliuliza.

Shangazi walimwambia ni mwanzo wa mvua. Alitikisa kichwa, haikumsaidia. Mle ndani hakukuwa na mvua. Akanigeukia mimi.

"Ilikuwa kabla ya wiki ya nyimbo za mapenzi, au baada?"

Ni mimi tu niliyeweza kumjibu. Nilimwambia ni kabla, siku chache kabla.

Alianza kuhesabu. Niliona midomo yake ikipitia nyimbo moja baada ya nyingine. "Wiki hiyo ndiyo nilianza kupita," alisema. "Nilifikiri nimejua kuimba." Alitutazama mmoja mmoja, shangazi zake, majirani, wale madereva waliokuwa wamesimama nyuma na kofia zao mikononi. "Nyote mlijua? Wote waliopiga kura walijua?"

Dereva wa Sherikat alitazama chini.

"Na wewe, mama?" alisema, na sauti yake ilikuwa ngumu. "Wewe ulinipigia ngapi?"

"Mimi hapana piga," alisema mama. "Hata moja. Kila Jumapili nilipiga magoti, naomba Mungu wewe shindwa, wewe rudi nyumbani."

Msichana alimkodolea macho. Kisha uso wote ukamvunjika, akalia kwa sauti mbaya ya kukwaruza, kamasi na mate, sauti ambayo jaji yeyote angemkatiza, na akaanguka mbele, pale alipokuwa mama yake.